Askari wa Chungu cha Alphonsine

“Niko na askari milioni ndani ya maji, na hawaombi mushahara wala bia! Siku samaki yangu itagonjwa, nitavaa kikwembe cha bibi yangu, nitembee toka gare ya treni mpaka bandari!”

Ndivyo Papa Hippolyte wa reli alivyonguruma kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Watu walicheka mpaka padri akamwaga soda. Katika Zaire ile, askari asiyeomba bia alikuwa muujiza mkubwa kuliko ule wa Kana.

Askari wenyewe walikuwa bakteria. Agronome Bonaventure, bwana shamba, alimletea ndoo ya matope ya bwawa la zamani ambalo samaki wake hawakuwahi kuugua. Mna vijidudu vizuri humu, alimweleza. Vibaya vikija vinakuta nyumba imejaa, vinarudi. Mkewe, Mama Alphonsine, akachachusha pumba za mahindi kwa maji ya matope yale, ndani ya chungu kisichooshwa kamwe. Kila asubuhi aliwamwagia kidogo tilapia wa bwawa lao, akaongeza pumba mpya juu ya kilichobaki. Chungu kilinuka kama soksi za mashinisti wa treni. Lakini bwawa la jirani lilikufa mara mbili. Kwao halikuoza hata pezi.

Kisha homa ikamchukua Alphonsine. Hippolyte hakulia. Makaburini alisema neno moja tu: siku ya kuondoa matanga, wageni watakula samaki aliowalisha marehemu, si wa soko. Tangu hapo akawa anachota chunguni kama karani anayegonga muhuri.

Matanga yalipokaribia, alipanda treni kwenda Kongolo kuwaita wakwe. Treni ikaharibika njiani, kama kawaida yake, akakawia.

Aliporudi, shemeji yake Bibiane alimpokea mlangoni, mikono imebabuka.

“Shemeji, desturi tumefanya. Kila kitu marehemu aligusa, tumeosha. Ungeondoa matanga namna gani, na uchafu wa kifo ungali ndani ya lupango, nyumbani kwako?”

“Chungu je?”

“Nimekisugua na majivu mpaka kinang’aa! Na bwawa tulikausha, tukatoa matope yote, tukapakaa ile dawa ya kuua vijidudu vya kolera, tukasuuza. Samaki zilingoja ndani ya pipa. Ona maji, Papa! Ingia, utaona kidole chako cha muguu.”

Hippolyte akavua kiatu, akaingia. Kweli, kidole kilionekana.

“Aksanti, Bibiane.”

“Ndo hivyo tu? Hata hunitukani kama zamani?”

“Umechoka. Ikaa.”

Haikupita muda, madoa meupe kama pamba yakaota juu ya magamba. Akaenda kumtafuta Bonaventure, apate ndoo nyingine ya matope. Alikuwa amehamishiwa Kirungu, na bwawa la zamani limefukiwa, limepandwa mahindi. Akarudi. Tilapia walielea matumbo juu, naye akawazoa kwa ungo, akawafukia nyuma ya jiko. Bibiane alilia kwa niaba ya wote wawili, akijifuta kwa pindo la kikwembe alichogawiwa siku ya mazishi. Ni kile kile cha Alphonsine. Hippolyte alikiona. Hakuna aliyemkumbusha ahadi ya kukivaa mpaka bandarini. Hata walevi walikuwa na adabu mwaka ule.

Wakwe waliwasili. Asubuhi ya matanga akachukua kapu, akashuka sokoni, akasimama mbele ya muuzaji wa kwanza wa dagaa.

Ndakala, fungu moja: zaire hamsini.