Mlango wa Sufuria

Mdogo wangu alirudi nyumbani asubuhi moja na meno yake mawili yamefungwa kwenye ncha ya leso. Alifungua fundo mbele ya mama, akamwonyesha, akalifunga tena. Alikuwa amepanda lori la ngano kutoka Mau Narok, ambako mume wake aliendesha trekta kwenye shamba la mzungu. Dereva wa lori hakumuuliza chochote njia nzima. Katikati ya miaka ya hamsini uso wa mwanamke uliovimba haukuwa jambo la kuulizwa.

Mimi ndiye dada mkubwa. Nilikuwa mjane tayari, nakaa na mama katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili kwenye mtaa wa Waislamu pale Nakuru, napika maandazi ya kuuza. Hasira zangu ziko karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilipoyaona meno yale nilimwambia mdogo wangu kwamba harudi kule, na anayemtaka aje aanze na mimi.

Mume wake alikuja siku ya nne, alfajiri, nikiwa nawasha jiko. Mlango wetu ulikuwa wa mbao kuukuu zilizokaushwa na vumbi na upepo wa mji ule. Aliupiga teke mara mbili, ubao wa katikati ukaingia ndani, akapenyeza mkono kutafuta kitasa. Niliuponda mkono ule kwa mchi wa kinu. Nilisikia mfupa ukivunjika na nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana. Yeye hakupiga hata ukelele. Alisema tu kutoka nje, kwa sauti ya chini, kwamba atarudi, na akimpata mke wake atamtoa roho. Majirani walipojitokeza alikuwa ameshaondoka. Mama alisugua damu kwenye ubao kwa majivu na maji ya moto, na doa halikutoka.

Ndipo tukaanza kutafuta mlango. Mdogo wangu alikuwa halali; alikaa chumba cha ndani ameikaza miguu ukutani, na kila kilichogonga kilimtetemesha. Nilimwahidi mlango ambao hata trekta haliupiti.

Fundi tuliyemwendea alikuwa mzee wa kutoka milimani, upande wa Olenguruone, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alinionyesha milango ya mbao tupu. Nikakataa, mbao zinaungua na mtu yule alikuwa na petroli ya trekta. Akanionyesha wa bati la chuma. Ulikuwa na kutu chini tayari, na kila ukiguswa ulipiga kelele. Kisha akatoa karatasi ya alumini, nyeupe, nyepesi, iliyoletwa kwa ajili ya mapaa ya mashamba. Sisi alumini tuliijua kwa sufuria tu.

"Mlango wa sufuria!" mama akasema. "Tutapika nini humo, wageni?"

Fundi hakucheka. Alieleza kwamba alumini peke yake ni laini, lakini yeye angeweka mbao nene za mtarakwa katikati, alumini pande zote mbili, na kukaza kwa bolti zinazopenya mpaka upande wa pili. Bawaba zingekaa ndani, mtu wa nje asizifikie. Kwa ndani pia lingekuwepo komeo, chuma kimoja kipana cha kulala kwenye vishikio viwili. Alikuwa na mmoja wa namna hiyo, umeegemea ukuta. Akanipa shoka.

"Mama, piga."

Nilipiga kwa nguvu zangu zote, nikiuona uso wa shemeji yangu mle ndani. Shoka lilidunda, mabega yakaniuma. Alumini ilibonyea, mbao hazikutikisika. Nikapiga tena, na tena, na sasa sikuwa najaribu mlango. Fundi alininyang'anya shoka.

"Hii hakuna mtu atavunja," alisema. "Labda avunje nyumba."

Nikauchagua huo. Alikuja kuutia mwenyewe, akabadilisha fremu, akaisindilia kwa saruji na mawe. Dirisha letu lilikuwa dogo, lenye nondo. Usiku ule wa kwanza nililishusha komeo na mdogo wangu alilala mpaka jua likatoka. Nilimtazama akikoroma na nikajiona mtu wa maana.

Lakini mchana mlango ulikaa wazi. Mama alikuwa mtu wa pwani, na kwao nyumba yenye watu haifungwi mchana. Unaning'iniza pazia, mgeni anabisha hodi, unamwitikia karibu, anaingia. Mtaani kwetu wote walifanya hivyo. Mlango uliofungwa saa sita ulimaanisha pombe, au maiti, au mwanamke aliye na mtu asiyemhusu.

"Nifungie usiku upendavyo," mama aliniambia. "Mchana usinitie aibu."

Sikubishana. Tena nilipenda ukae wazi, umeegemea ukuta wa ndani, waliokuja waugonge kwa vidole na kuusifu. Sikuwaza kwamba mtu mwovu naye hutembea mchana.

Baada ya wiki tatu hivi, adhuhuri, mama alikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, nami nikaenda mferejini na debe. Nikiwa narudi nililiona koti la kaki la shemeji yangu linapita kwenye pazia letu. Nililiachia debe. Nilikimbia mpaka kanga ikanidondoka, na nilipofika kizingitini mlango ulifungwa mbele ya uso wangu. Kisha nikasikia komeo likishuka.

Alikuwa amebisha hodi. Mdogo wangu alinieleza baadaye. Alibisha kwa sauti ya upole, mkono umefungwa kitambaa, naye mdogo wangu alikuwa amechutama anachambua mchele. Bila hata kuinua macho, akaitikia, "Karibu."

Nilisikia kila kitu. Ukuta ulikuwa mnene lakini dirisha lilikuwa wazi, na nondo zake zilinipitishia mkono tu. Nilimwona akimburuta kwa nywele kuelekea chumba cha ndani. Kutoka hapo zikawa sauti tupu: mguu wa kitanda, kichwa ukutani, mdogo wangu akiniita. Aliniita mimi. Hakumwita mama wala Mungu.

Nilichukua mchi uani nikaupiga mlango mpaka mchi ukakatika. Wanaume walikuja na shoka. Alumini ilijaa mashimo, mtarakwa ulikuwa unalishika shoka na kuling'ang'ania. Walipiga mabega watu watano. Mtu mmoja alimkimbilia fundi, naye fundi akaja anahema, akauangalia mlango wake kama mtu anayemtazama mwanawe mwizi.

"Fungua!" nilimpigia kelele nikimvuta shati. "Wewe umeutengeneza, ufungue!"

"Mama, mimi nilitengeneza isifunguke," akasema, na machozi yakamtoka.

Ndani kulikuwa kimya sasa. Kimya kile kilinishinda kuliko kelele. Fundi ndiye aliyepanda juu ya paa, akang'oa mabati mawili, akaruka ndani, akaliinua komeo. Waliingia wote kwa pamoja. Walimtoa shemeji yangu nje wakampiga kwa mawe na kwa miti, nami nilipata nafasi yangu kwa kipande cha mchi. Nilimpiga mdomoni mpaka nikahesabu meno mawili chini. Askari walipofika walimwokota akiwa hai, akafungwa, na sikumwona tena.

Mdogo wangu alikaa hospitali muda mrefu. Aliishi. Sikio la kushoto halikusikia tena, na jicho la upande huo lilibaki kuona ukungu. Mama hakulitaja pazia na mimi sikuutaja mlango. Tuliogopana. Siku moja niliung'oa kwenye bawaba nikiwa nalia kwa hasira, nikautupa uani, kuku wakafanya makao chini yake.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu alikuwa akishona nguo, akapata chumba chake mwenyewe upande wa pili wa mtaa. Chumba hakikuwa na mlango, basi tukaenda kwa fundi yule yule. Hakuweza kututazama usoni. Alituonyesha milango mizuri, migumu, mmoja baada ya mwingine, na mdogo wangu aliugonga kila mmoja kwa vidole huku ameuelekezea sikio zima. Mwishoni alisimama mbele ya mlango wa mbao za masanduku, mwembamba, ambao fundi aliutengeneza kwa ajili ya banda la mbuzi.

"Hii hapana," fundi akamwambia, akinionyesha mimi kwa kidole. "Hii hata mama hapa atavunja na bega."

"Jaribu, dada," akaniambia.

Nilisukuma kwa bega. Ubao ulipasuka mara moja.

"Nautaka huu," akasema. "Nikikuita, utaingia."

Fundi alipigilia misumari pale palipopasuka, mimi na mdogo wangu tukaubeba mpaka chumbani kwake.