Shikamoo Iliyochapwa

Nafundisha Kiingereza hapa Lushoto kwa elimu yangu ya kidato cha nne. Jioni wanakuja vijana wanaoongoza wazungu milimani, Jumamosi akina mama wanaouza peasi barabarani. Wakikosea tunacheka, tunarudia. Fimbo sina.

Siku hiyo mwanangu wa miaka sita alirudi nyumbani viganja vimevimba, kimoja kimechanika. Kosa lake? Alikutana na mwalimu wake getini akamwamkia shikamoo, kama nilivyomfundisha tangu aanze kusema. Shuleni kwao ukishavuka geti ni Kiingereza tu. Alichapwa viboko sita.

Nilimbeba mgongoni hadi shuleni. Mwalimu alikuwa ofisini, fimbo iko mezani.

"Mama, Kiingereza hakiingii bila hii," akaniambia, akiigonga gonga.

Niliikwapua nikamchapa nayo begani, nikamchapa tena mpaka ikavunjika.

"Haya, lia kwa Kiingereza!" nikamwambia.

Mwanaume mzima akamwita mama yake kwa Kishambaa. Sijutii, na nisingemwachia kama walimu wenzake wasingenishika.

Ila mtoto aliyaona yote kutoka mgongoni kwangu. Wiki ya tatu sasa hamwamkii mtu. Bibi yake juzi aliuliza, "Wewe, huyu mjukuu wangu adabu kaipeleka wapi?"

Na mimi nikinyanyua hata mwiko wa ugali, mtoto anaficha mikono.