Hitma Aliyoipika Mama

Vitunguu vikikaangwa kwa samli, watu wengine husikia njaa. Mimi hutoka nje nikasimama barazani mpaka harufu ipite. Wajukuu zangu wanadhani ni maringo ya uzee, nami nimewaacha wadhani hivyo hivyo, maana kisa chenyewe kirefu na wao hawana subira. Harufu hiyo ni ya nyumba tuliyopanga Ngamiani, mjini Tanga, nilipokuwa na umri wa miaka tisa: vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, na uani mpana wenye mpapai mmoja uliopinda. Sisi si watu wa Tanga. Kwetu ni Wete, Pemba, na miaka ile ya hamsini kuvuka kuja Tanga kulikuwa kwenda nchi ya watu; kwetu tulikuwa na Sultani, huku wakitawaliwa na Gavana wao. Baba alikuwa seremala wa milango na vitanda. Tajiri mmoja wa Tanga aliyekuwa akijenga nyumba alimwita kwa kazi ya miezi mitatu, tukafunga virago sote. Miezi mitatu ikawa minane, kwa kuwa kila mlango ukikamilika tajiri alitamani na dirisha la pembeni lichongwe vile vile.

Mama alikuwa mjamzito. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoleta yote. Kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na mkunga wa mtaa wetu alimwonya asibebe ndoo, asikimbie, asikasirike na wala asishtuke. Baba alilishika neno hilo la mwisho kuliko mengine yote. Akawa hata kikombe kikianguka anatukaripia. Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikuwa na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na alipenda watu kupita kiasi. Wanawake wa Ngamiani walimpokea vizuri, walimwalika harusini, wakamtania kwa Kipemba chake. Lakini ugenini ni ugenini. Alasiri aliketi kwenye kigoda uani akisema, "Hivi mie nimesahauliwa? Hakuna hata mmoja wa kwetu atakayekuja kunitazama?" Aliyemtamani zaidi alikuwa mama yake, yaani bibi yangu, Bi Mwanakombo, aliyebaki Wete na mjomba wangu.

Basi wageni wakaja. Wa kwanza alikuwa Bi Riziki, shoga yake Mama tangu utotoni, na wanawake wengine wawili wa mtaani kwetu Wete. Mlango niliufungua mimi, asubuhi, bado nina mswaki mdomoni. Bi Riziki alikuwa mbele, macho yamevimba, ncha ya kanga ameishika tayari karibu na uso, na kinywa chake kilikuwa kinaanza kufunguka. Nilikijua kinywa cha namna ile, nilikwisha kukiona misibani. Kabla sauti haijatoka, Mama akamwona kutoka ukumbini akapiga kigelegele. "Looo! Riziki! Shoga yangu, umenifuata mpaka Tanga!" Nyuma ya Mama alisimama Baba, randa mkononi, anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Nikakiona kinywa kile kikifumba. Kisha kikafunguka tena, kikacheka. Wallahi nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini sijaona tena uso wa binadamu ukigeuka vile. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na Mama akayafuta kwa kanga yake mwenyewe, akidhani ni ya furaha.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Bibi alikuwa amekufa siku kumi na mbili kabla, kwa homa ya siku moja. Mjomba Hamadi, kaka pekee wa Mama, alimwandikia Baba barua: usimwambie, mimi nitakuja mwenyewe. Kwetu habari ya kifo haikuandikwa kwenye karatasi ikapelekwa hivi hivi kama risiti. Ilipelekwa na mtu wa damu, naye hufika, akakaa, akala alichopewa, ndipo akasema. Baba akaifungia barua ndani ya sanduku la vifaa vyake akamngoja shemeji yake. Lakini nani aliyewaambia watu wa Wete kwamba Mama hajui? Hakuna. Wao walijua mwenzao amefiwa yuko ugenini, na kila aliyepata chombo cha kuvukia alivuka kuja kumpa pole. Kila mmoja alikuja na kilio chake tayari, akafika mlangoni petu akakuta kigelegele. Ikabidi Baba aache kazi akae barazani kuwadaka kabla hawajabisha hodi.

Mama hajawahi kufurahi vile. Walikuja Ami Faki, ndugu yake Baba, na mkewe, wakaja na wengine waliokaa siku tatu, wengine wiki. Wanaume walilala ukumbini, wanawake chumbani, na mimi nikapewa mkeka miguuni pa kitanda cha Mama. Alikatazwa kubeba ndoo lakini nani angemkataza kupika? Alivuta kigoda mbele ya mafiga, tumbo limemtangulia, akakaanga vitunguu, akapika pilau leo, kesho samaki wa kupaka, keshokutwa mbaazi za nazi na mikate. "Kumbe napendwa hivi!" aliwaambia majirani. "Wiki haipiti bila mtu wa kwetu." Na kila mgeni, kabla hajavua viatu, aliulizwa swali lile lile. "Mama hajambo?" Nao wakajibu, "Hajambo, anakusalimu sana." Hajambo! Watu wazima, wenye sijda kwenye vipaji vya nyuso zao! Bi Riziki alizidi hata hapo. Alifungua kifurushi chake akatoa kisutu cha Bibi, kile chenye alama ya kaa la moto pembeni, akasema, "Mama yako kakupa hiki, ujifunge mtoto akizaliwa." Mama hakungoja mtoto. Alijifunga pale pale, akazunguka uani akionyesha, "Kajivulia nguo yake mwenyewe kanipa mie." Ilikuwa kweli nguo zake zimegawiwa. Zinagawiwa mtu akisha kuzikwa.

Mimi nilijua kwa bahati mbaya. Mama alinituma kwa jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nikarudi kwa mlango wa uani, pekupeku, nikamkuta Bi Riziki na mke wa Ami Faki wanaosha vyombo huku wanalia bila sauti. Bi Riziki alikuwa akisema, "Mie ndiye niliyemwosha, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado laini, kama amelala." Nikauliza, "Mmemwosha nani?" Akaruka, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye majivu. Hakunidanganya, hilo nampa haki yake. Aliniambia bibi yangu amekufa, akaniambia na la pili, mdomo wake umegusa sikio langu: "Ukimwambia mama yako, mtoto atatoka, na mama yako atamwaga damu mpaka afe. Utakuwa umemuua wewe. Umesikia, Mize?" Nilisikia. Nina hasira na maneno hayo hadi leo. Mtu mzima na akili zake anamtwika mtoto wa miaka tisa roho mbili kichwani, kisha anarudi kuosha sufuria!

Bibi yangu aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka sikumlilia hata tone. Niliogopa mno. Nilimwangalia Mama anavyopumua, anavyoinuka, nikihesabu hatua zake mpaka chooni. Aliniita nimsuke nywele akaniambia, "Tukirudi Wete, wa kwanza kumbeba mtoto huyu ni Bibi yako. Kabla yangu mie." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Aliitwa harusini mtaa wa pili akapaka hina, akatupa kiuno licha ya tumbo lake, watu wakamshangilia. Nilikaa pembeni nikamwona mama yangu anacheza, na mama yake yumo kaburini hata arobaini hajafikisha. Nikatapika kwenye zulia la watu, Mama akasema ni biriani.

Mjomba Hamadi alifika mwishowe, siku moja kabla ya arobaini. Nyumba nzima ilishusha pumzi: mwenye kazi amekuja. Alikaa, akaletewa chakula, akala. Sote tulimtazama. Alimaliza sahani, Mama akampakulia tena, akala tena, jasho linamtoka, na kila alipoinua kichwa aliliona lile tumbo akarudi kwenye wali. Akashindwa. Wakubwa wakakaa kikao barazani wakakubaliana: kesho tusome hitma ya marehemu, yeye tumwambie ni dua ya kumwombea ajifungue salama, na hitma ikisha, Hamadi atasema. Watu wazima sita walikaa wakaona hiyo ndiyo busara. Mama alipoambiwa alilia kwa furaha. Akasema kama ni dua yake, basi chakula ni chake, na hakuna mtu wa kumgusia mwiko.

Siku ya pili akapika tangu alfajiri. Waumini wa mtaani walijaa ukumbini, ubani ukafukizwa, juzuu zikagawiwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, mtu wa Tanga, mpole, ndiye aliyeongoza. Jina la marehemu alikuwa amepewa na Baba, kwa kuwa hitma haisomwi bila jina. La kwamba jina hilo alitaje kimoyomoyo, hakuambiwa. Baba alijua Ami Faki kamwambia, Ami Faki alijua Hamadi kamwambia, na Hamadi hakuwa na akili za kumwambia mtu chochote siku ile. Mama alikuwa uani anapakua pilau kwenye masinia, kisutu kiunoni, anaitikia "amina" kwa sauti kila dua inapopanda. Ndipo mwalimu, kwa sauti yake nzuri ya kusikika mpaka njiani, akamwomba Mola afikishe thawabu za kisomo hicho kwenye kaburi la marehemu Mwanakombo binti Haji. Na Mama akaitikia, "Amina."

Aliitikia, jamani. Kisha mkono ukasimama, upawa umejaa wali. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Lini?" Bi Riziki akaanza, "Shoga yangu, Mwenyezi Mungu..." Mama akarudia, "Nimekuuliza lini." Bi Riziki akasema leo ni arobaini. Mama akaangalia mikono yake yenye hina. Akakiangalia kisutu, akakishika pale penye alama ya kaa. Akatuzungukia kwa macho mmoja mmoja, na kwa kila uso aliuliza "Ulijua?" na kila uso uliinama. Nikajificha nyuma ya mpapai, na mpapai huo hauwezi kumficha hata kuku. "Na wewe Mize?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Wengine wote aliwatazama kwa hasira. Mimi alinitazama kama mtoto wa watu aliyepotea akaingia uani kwake. Aliuweka upawa chini, akaingia chumbani, akafunga mlango, na humo ndimo ilimotoka sauti ambayo Bi Riziki alikuwa ameimeza siku ile mlangoni.

Mimba haikutoka. Mwezi uliofuata alimzaa mdogo wangu Nassor, mzima, mnene, mwenye sauti. Baba alishika hilo mpaka kufa kwake: "Si mnaona? Tungemwambia mapema, tungempoteza." Mama hakumjibu hata mara moja. Tuliporudi Wete alikwenda kaburini peke yake, na Bi Riziki alipokuja kumpokea alimpa kiti, akampa maji, akamwuliza habari za watoto wake. Hakumwita tena shoga.

Nikakua nikiwalaumu wote. Niliapa mimi sitakuwa kama wao, nikalea wanangu kwa kuwaambia kila kitu usoni, nikasifiwa na nikalaumiwa kwa ulimi wangu. Nikaolewa Tanga hapa hapa, na Mama alipozeeka nikamchukua nikakaa naye Makorora. Siku hizi mambo yamekwisha kubadilika, tunasema. Mtu hafi kwanza ndipo utangaziwe. Bado yuko hospitali simu zinalia. Ndiyo maana Nassor, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alipoanguka akafa ghafla, nilijua kabla hata hawajamfunika. Mama wakati huo alikuwa haoni tena, moyo umechoka, daktari amesema asipewe habari nzito. Nikaichukua simu yake ndogo nikaizima. Nikasimama mlangoni mwangu mwenyewe, kila anayeingia nikamshika mkono: futa machozi, mwamkie, mwambie umekuja kumjulia hali.

Siku mbili waliingia na kutoka. Sufuria ziko motoni, watu wamejaa mpaka barabarani. Siku ya tatu Mama akaniita kitandani. "Mize, wageni wengi hivi hawajaja kwa ajili yangu. Nani amekufa?" Nilikuwa nimengojea swali hilo zaidi ya miaka hamsini, na jibu lake nilikuwa nalo. Nikafungua kinywa. "Hakuna, Mama. Wamekuja kukutembelea tu."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya wangu. Akauondoa, akageukia ukutani.

"Haya," akasema. "Wapikie basi."