Riwaya Iliyohamisha Ng'ombe

Utotoni niliamini kabisa kwamba mtu akimaliza kusoma ile riwaya kuukuu ya Kimarekani ya baba, ng'ombe wake wote watatoka zizini wenyewe na kuvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya. Aliyeniambia ni rafiki wa baba, aliyetahiriwa naye msimu mmoja.

Juzi nilikifungua kitabu hicho, na harufu ya moshi na panya ikanirudisha barazani. Baba anasoma kwa sauti. Mimi jasho linanitoka ndoo nzima, maana zimebaki kurasa tatu!

“Shujaa gani anakimbia boma la baba yake?” rafiki yake anafoka. “Mwoga huyo!”

“Ameondoka, hakukimbia. Kichwa chako kigumu kama mwamba wa mgodini!”

“Basi rudia sura yote, nikuoneshe!”

Baba akalowesha kidole, akafunua ukurasa mwingine. Nikampokonya kitabu, nikakimbilia kwenye ghala la mahindi, nikakikalia mpaka ng'ombe waliporudi malishoni, wote.

Mwaka huu, nilipohitimu masomo ya jioni, nilimpa mzee yule shikamoo, nikamuuliza ule uvumi aliutoa wapi.

“Marahaba. Mimi sijui kusoma, mwanangu,” akasema. “Sikutaka baba yako amalize kunisomea.”