Nyumba Iliyojibu Karibu

Kabla hujaniita mwongo, mtafute Kerubo. Yuko kwao Kisii, anauza mitumba, na ukimtajia Jeddah atakueleza nusu ya kisa hiki yeye mwenyewe. Nusu ya pili hana, kwa sababu wakati ule mwenye akili zake nilikuwa mimi peke yangu. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na jua lilikuwa bado halijazama. Wallahi naapa, na mimi si mtu wa kuapa ovyo.

Mimi ni wa Mombasa, Majengo. Hapa Jeddah nafanya kazi ya nyumba, mtaa wa Al-Rawdah. Ijumaa ni siku yangu, kuanzia alasiri hadi isha. Wenzangu siku hiyo hulala au hushinda kwenye simu. Mimi nilipata ugonjwa wangu, ugonjwa wa kutembea, na aliyeniambukiza ni binamu yangu, dereva kule Riyadh. Alinitumia picha za Al-Dirah, mji mkongwe wa huko, kuta za udongo na masoko ya zamani, akaniambia kuna vijana wa mji wanaowatembeza watu mtaa kwa mtaa na kuwasimulia historia yake, bila malipo. Unaandikisha jina kwa simu, unafika, unatembea. Nikauliza, na Jeddah je, wapo? Wapo!

Madam hakuamini. "Bure? Mafi bure," aliniambia, yaani hakuna cha bure. Nilimcheka moyoni. Leo simcheki tena.

Lakini ngoja nikwambie raha yake kwanza, maana nisipokwambia hutaelewa kwa nini nilijisahau. Mji mkongwe wa Jeddah umejengwa kwa matumbawe, mawe ya baharini kama yale yetu ya Mombasa! Nyumba za ghorofa nne, tano, na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama makabati, yenye matundu madogo madogo, aliye ndani akuone nawe usimwone. Siku ya kwanza nilipoyaona nilipiga kigelegele, watu wakageuka. Mtembezaji wetu, msichana wa hapo hapo aitwaye Abrar, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo sikukosa. Nikajua nyumba gani ilikuwa wakfu wa wajane, lango gani la mji lilisimama wapi, na kwamba zamani bahari ilifika karibu kabisa na nyumba, kabla haijafukiwa ikajengwa barabara. Mimi, mtu wa kufua na kupiga deki, nikawa najua mji kuliko watoto wa bosi!

Kerubo alikuwa akifanya kazi Al-Hamra. Alikuwa amemaliza miaka yake miwili, ana tiketi mkononi, ndege yake Jumatatu alfajiri. Mtoto wake alimwacha akinyonya, na sasa kwenye simu alikuwa anamwita shangazi. Kwa hiyo Jumatatu ile haikuwa siku ya mchezo. Lakini Ijumaa ya mwisho nilimwambia, wewe hutaondoka Jeddah ukiwa umeona jiko la madam tu. Twende.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kerubo alifurahi kuliko mimi, anapiga picha hata paka. Tukafika kwenye kichochoro kimoja chembamba, Abrar akasimama mbele ya nyumba ndefu iliyoinama kidogo, akasema mwenye nyumba hiyo alikuwa mfanyabiashara aliyefanya biashara na Unguja na Lamu. Unguja na Lamu! Damu ilinichemka. Kundi likasogea mbele, mimi na Kerubo tukabaki, nami naukodolea macho mlango. Umechongwa maua kama milango ya kwetu, na umeachwa wazi kidogo.

Sasa niambie, mtu wa pwani akisimama mbele ya mlango kama ule, mdomo wake utasema nini? Nilikuwa nafanya mzaha tu. Nikagonga ubao kwa kiganja, nikaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke. "Karibuni ndani."

Tulitazamana. Kerubo akaruka. "Aki ya Mungu, kuna Mkenya humu! Si tuingie tumsalimie?"

Na tuliingia. Usinilaumu. Hujakaa ugenini ukasikia lugha yako ikitoka mlango wa mtu. Nilidhani ni mwenzetu aliyeajiriwa kulinda au kusafisha.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mwanamke wa makamo, mweusi kama mimi, amejifunga kaniki na nyingine kujitanda kichwani. Sisi watu wa pwani tunafundishwa, ukikutana na mtu usiyemjua mahali pa kiza, mtazame miguu, maana jini ana kwato. Nikamtazama miguu. Ilikuwa miguu ya binadamu, tena yenye magaga, miguu ya mtu aliyefanya kazi. Moyo ukatulia.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mmekawia," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kale, kama cha nyanya yangu. "Haya, pandeni niwaonyeshe."

Tukapanda nyuma yake. Ngazi zilikuwa baridi, zinanukia ubani. Juu kulikuwa na mitungi imepangwa kwenye dirisha la mbao ili maji yapoe. Akaanza kueleza, bila kupumzika. Mtungi huu ni wa bwana, usiunywe. Kitambaa hiki cha jikoni, kile cha chooni, usichanganye. Dirisha hili fungua kitundu kidogo tu, bibi hapendi kuonekana. Asubuhi fagia kabla hawajaamka, na ufagio usilie.

Nilitaka kucheka, maana nani kati yetu hakupitia siku hiyo? Siku ya kwanza ukifika kwa bosi, yule unayempokea kazi anakuzungusha hivyo hivyo: kikombe hiki cha madam, sabuni hii si ya nguo za baba. Akimaliza anakupa ufunguo, anachukua begi, anaondoka. Hatujaandika mahali popote, lakini kila mmoja wetu anajua: ukishika ufunguo, kazi ni yako.

Nikachungulia kwenye matundu ya dirisha nimwonyeshe Abrar kwa mkono kwamba tuko huku. Abrar hakuwepo. Kichochoro hakikuwa na mtu, na mwishoni mwake, mahali ambapo dakika chache nyuma nilikuwa nimeona magari, kulikuwa na maji. Bahari, ndugu yangu! Bahari inang'aa, inapiga ukingoni, pale pale ilipofukiwa.

Nikageuka niseme tukimbie. Nilichelewa. Mwanamke alikuwa amenyoosha mkono wenye ufunguo mkubwa wa chuma, na Kerubo, mtoto aliyelelewa vizuri, akaupokea kwa mikono miwili.

Yule mwanamke alishusha pumzi ndefu, mpaka nikamwonea huruma. Akaanza kufungua ile kaniki ya kichwani, akamvika Kerubo. Kerubo hakukataa. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayehesabu moyoni.

"Mtungi wa bwana usiunywe," Kerubo akasema.

"Kerubo, twende."

"Fungua kitundu kidogo tu."

"Kerubo! Ndege yako Jumatatu! Mtoto!"

Hakunitazama hata. Nilimshika vidole kuvibandua kwenye ule ufunguo, vilikuwa vigumu kama vya maiti. Niamini, hapo nililia. Mimi ndiye niliyemleta. Ningemwambia nini mtoto yule kwenye simu?

Basi akili ikanijia. Yule mwanamke hakuwa mtu wa kumpigia kelele. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, na mfanyakazi unaongea naye kikazi.

"Bibi," nikamwambia, "umekosea mtu. Huyu amenisindikiza tu. Wa kukupokea zamu ni mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na mzigo wako uko wapi? Mtu haji kazini mikono mitupu."

"Ndiyo naomba ruhusa nikachukue nguo zangu. Na huyu nimtoe njiani, kwao wanamngoja."

"Bibi mwenye nyumba naye alisema atarudi," akasema. "Aliniambia linda nyumba, narudi. Wewe utarudi?"

"Nitarudi," nikasema.

"Sema tena."

"Wallahi, nitarudi."

Akamvua Kerubo kaniki. Vidole vya Kerubo vikalegea vyenyewe, mwanamke akauchukua ufunguo wake. "Usikawie," akaniambia.

Nilimkokota Kerubo kwenye zile ngazi bila kutazama nyuma. Tulipotoka nje Abrar alikuwa anakuja mbio, jasho linamtoka. Alikuwa ametutafuta vichochoro vyote, waadhini walikuwa tayari wanaita magharibi. Nikamwonyesha nyumba, nikamwambia tulikuwa humo, juu.

"Humo?" akasema. "Dada, humo hakuna juu."

Nikageuka. Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli iliyoshika kutu. Nikachungulia kwenye ufa. Hapakuwa na ngazi, hapakuwa na dari. Ukuta wa mbele tu umeegemezwa vyuma usianguke, na nyuma yake kifusi na mbingu. Kerubo alikuwa ananiuliza kwa nini nalia. Alikumbuka kukaribishwa, alikumbuka mitungi, alikumbuka kunyoosha mikono. Baada ya hapo, hakuna. Lakini viganja vyake vyote viwili vilikuwa na alama nyekundu ya kutu, na hata Jumatatu anapanda ndege ilikuwa haijatoka kwa sabuni.

Alifika salama. Mtoto sasa anamwita mama. Hilo nalifurahia mpaka leo, na ukiniuliza kama ningefanya vile tena, ningefanya. Na matembezi sijaacha! Wiki iliyopita Abrar alituonyesha kisima ndani ya sebule ya mtu, nilifurahi kama mtoto. Kile kichochoro tu ndicho siingii. Nawangoja wenzangu mdomoni mwake mpaka watoke.

Lakini sikiliza yaliyonipata. Mkataba wangu ulikwisha miezi mitano iliyopita. Madam hana ubaya, alisema, akija wa kukupokea, unaenda kwenu, halas, basi. Wa kwanza alianguka vipimo vya hospitali. Wa pili alifika uwanja wa ndege Nairobi akageuka, hakusema kwa nini. Wa tatu alifika kabisa, msichana wa Kitui, mchangamfu. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nikamfungulia geti, akasimama kwenye kizingiti, akakataa kuvuka. Alilia siku hiyo hiyo mpaka ofisi iliyomleta ikamchukua.

Nilimbana kabla hajaondoka. Nikamuuliza, umeona nini?

"Si huyo mama alikuwa nyuma yako," akaniambia. "Ameniambia nisihangaike. Amesema wewe huendi kwenu bado, kuna kazi ulimwahidi mjini."

Kwa hiyo wewe unayenisikia, tembea, ujue miji ya watu, ni raha isiyo na mfano. Lakini mlango wa nyumba usiyoijua usiupigie hodi, hata kwa mzaha. Ukijibiwa, usipokee kitu mkononi. Na ukibanwa kabisa, dunia ikakulazimisha useme uongo, sema uongo wowote ule, ila usimpe ahadi mtu aliyekwisha kuzoea kungoja.