Mwendo wa Kuburuta

Wateja walimwita Kisigino, kwani alimtambua mtu kwa jinsi anavyomaliza soli kabla hajamtazama usoni. Alishona viatu katika chumba alichorithi kwa babake, na kwenye droo ya chini alitunza karatasi zilizochorwa nyayo za wateja. Moja aliichora babake: unyayo wa mama, aliyevunjika kifundo cha mguu mwanawe alipokuwa na miaka mitano, akatoka asubuhi moja mwaka uliofuata, asirudi. Watu walisema kachukuliwa na maji. Kisigino aliamini, kwani mama aliyekufa humlilii kwa hasira.

Mchana mmoja alisikia hatua barazani: moja nzito, moja ya kuburuta. Sindano ikamganda mkononi. Hatua zile alizijua.

Aliingia mwanamke wa miaka arobaini hivi.

"Habari za kazi, fundi. Usinicheke miguu tu."

"Mimi nacheka viatu, dada. Miguu namwachia Mungu. Vua."

Akachora. Kidole cha pili kilikipita kidole gumba, na cha mwisho kilijificha chini ya jirani yake. Kisigino alikunja vidole vyake ndani ya viatu. Navyo vilikuwa hivyo hivyo.

"Ulivunjika lini?"

"Sijavunjika. Daktari alipiga picha, mfupa mzima kabisa."

"Mbona unaburuta?"

"Mama ndiye aliyevunjika, kabla sijazaliwa. Nimejifunzia kutembea nyuma yake, nikashika mwendo wake. Watu husema nimeurithi."

Vidole huja na damu, Kisigino aliwaza. Mvunjiko hauji na damu. Mwendo ule haushikwi ila kwa kumfuata mtu mzima, aliye hai, jikoni na uani, mwaka baada ya mwaka.

Akafungua droo. Akalaza karatasi kuukuu juu ya mpya, akaziinua dirishani. Vidole vilikaa juu ya vidole.

"Hiyo ya nani?" mwanamke akauliza.

"Ya mteja wa zamani." "Mama yako amezikwa wapi?"

"Azikwe? Toba, fundi. Yuko hapo nje kwenye benchi. Ndiye aliyenileta. Anasema duka hili analijua, ila hawezi kuingia."

Huko nje benchi lililia, kisha hatua zikaanza kushuka ngazi: moja nzito, moja ya kuburuta, zikienda zake bila haraka, kama asubuhi ile alipoondoka.

Kisigino alivua viatu ili hatua zake zisisikike, akatoka nyuma ya mama yake.