Wali wa Milembe Bila Nailoni

Saa nne asubuhi, jua limeshayachoma mabati ya banda la Milembe Ngassa, jirani na stendi ya Bariadi. Wali unatokota. Anapogeuka kuchukua koleo la makaa, mama yake mzazi, Mboje, anainuka kwenye kigoda, anatandaza mfuko wa nailoni juu ya sufuria na kuukandamiza kingoni kwa vidole.

"Mayu, leka," Milembe anamwambia kwa Kisukuma. Mama, acha. Anauondoa mfuko taratibu, anaweka mfuniko na kupanga makaa juu yake.

"Utabaki mbichi juu," Mboje anaonya. Kisha anamtazama mwanawe kwa adabu ya mgeni. "Wewe ni binti wa nani?"

Milembe, 46, anaongeza kaa moja juu ya mfuniko. Swali hilo ameshalizoea, na bado linamuuma.

Ujanja wa nailoni aliurithi kwa mama huyo huyo. Kijijini kwao Sola, wilayani Maswa, Mboje aliwapikia vibarua wa pamba kila msimu. Mfuko chini ya mfuniko huzuia mvuke, wali huiva upesi na mkaa haupotei. Mama lishe gani asiyejua hilo?

"Wali huo ndio ulionisomesha mpaka la saba," anasema. "Na sisi wenyewe tuliula kila siku."

Mwaka jana Sia, afisa afya aliyehamia hapa kutoka Moshi, aliwaita mama lishe kikaoni. Aliwaeleza kwamba plastiki ikipata moto hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba watafiti wamezikuta chembe za namna hiyo hadi kwenye ubongo wa binadamu.

Wenzake walicheka. Milembe hakucheka. Wakati huo Mboje alikuwa ameanza kutia chumvi mara mbili na kupotea njia ya kisimani.

"Nilimfuata dada Sia nje. Nikamuuliza, ni sisi tumemlisha mama ugonjwa? Nilitaka aniambie ndiyo au hapana, basi."

Hakuambiwa ndiyo wala hapana. "Siwezi kumdanganya," anasema Sia. "Wazee husahau kwa sababu nyingi. Kwa wanyama wa maabara chembe hizi zimeonyesha madhara kwenye ubongo, lakini kwa binadamu utafiti haujakamilika. Nilimwambia tu aache, maana kuacha hakudhuru."

Kuacha hakudhuru afya, labda. Biashara imedhurika. Zamani kilo sita za mchele ziliisha kabla ya saa nane, sasa anapika tatu na nusu na makombo yanabaki. Wali unachelewa, chini unashika, mkaa unakwenda.

"Mama Luhende, mimi nina nusu saa tu," analalamika Salvatory, mbeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, akimwita Milembe kwa jina la mwanawe. "Kwa jirani wameshapakua. Hiyo mifuko tumeila tangu utoto, mbona mzigo tunabeba?"

Milembe anacheka kidogo na kumwekea ukoko wa jana wa kutafuna akisubiri.

"Nimechoka, ndugu mwandishi," anasema akikaa. "Ningejua kwa hakika, ningelia yakaisha. Sasa nalia kwa lipi?"

Mifuko ameificha yote, lakini mama yake huiokota barabarani na kuikunja kwenye kanga. Mazoea yana taabu. Akinyang'anywa kwa nguvu hulia kama mtoto, kwa hiyo Milembe hana moyo wa kumkaripia.

"Jina langu limemtoka. Kufunika wali hakujamtoka," anasema.

Ndiyo maana anapanga kumwendea fundi wa masufuria amtengenezee mfuniko mzito, wenye ukingo wa kushika makaa. Hautakuwa wake peke yake.

"Nitampa mama mkononi. Makaa nitaweka mimi. Mikono yake inataka kufunika, basi ifunike."

Wali umeiva. Sahani ya kwanza ni ya Mboje, na Salvatory inabidi asubiri tena. Bibi anaonja, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wabeja," anashukuru. "Nani alikufundisha kupika hivi?"

Milembe anafuta macho kwa upindo wa kitenge, anasingizia moshi.

"Ni wewe, mayu."